Mshenga Kwanza, Programu Baadaye: Mwongozo wa Kuzindua Jukwaa la Waanzilishi na Wataalamu wa Teknolojia

Kaa nusu siku kwenye ukumbi wowote wa wabunifu, uwe Kijitonyama jijini Dar es Salaam au Ngong Road jijini Nairobi, na utasikia malalamiko mawili. Mwanzilishi wa kampuni changa atakwambia, "Wazo ninalo, wateja ninao, mtu wa kunijengea mfumo sina." Meza ya pili kutoka hapo, kijana mwenye kompyuta iliyojaa stika atakwambia, "Nimemjengea mtu programu miezi mitatu, siku ya malipo kaingia mitini." Wanahitajiana, lakini kila mmoja ameshaumwa, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Biashara yako inakaa katikati ya meza hizo mbili. Kama umewahi kufikiria kuanzisha jukwaa la kuwakutanisha watu hawa, mwongozo huu ni wako. Nimemwandikia mtu mwenye mtaji mdogo, msaidizi mmoja au wawili, na soko lake liko hapa kwetu Afrika Mashariki.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Kwa desturi zetu, mshenga hatumwi ukweni kwa kuwa anaijua njia. Njia kila mtu anaijua. Anatumwa kwa kuwa pande zote mbili zinamheshimu, anajua la kusema na la kunyamazia, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Dalali wa nyumba akishachukua kodi yake ya mwezi mmoja, bomba likipasuka kesho yake simu yako haipokei. Jukwaa lako litakuwa mshenga au dalali, na uamuzi huo utauonyesha kwenye mambo madogo, kuanzia siku ya kwanza.

1. Chagua kona moja ya soko

Alvin Roth, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu masoko ambayo bei peke yake haitoshi kuwaunganisha watu: madaktari wapya na hospitali, wanafunzi na shule, wagonjwa wa figo na watu wa kuwachangia. Alibaini kwamba soko la namna hiyo linataka mambo matatu. Watu wa kutosha wawepo pande zote kwa wakati mmoja. Wasisongamane kiasi cha kushindwa kuchagua. Na kila mmoja awe salama kusema anachokitaka kweli. Yaandike matatu hayo ukutani, maana kila hatua iliyomo humu inarudi kwenye mojawapo.

Watu wa kutosha si lazima wawe maelfu. Mwanzilishi anayetafuta mtu wa programu ya simu hanufaiki na orodha ya majina 5,000 iliyochanganya wahasibu, wachora nembo na mafundi wa kompyuta. Anahitaji sita wanaofaa. Kwa hiyo punguza: mji mmoja, ujuzi mmoja, aina moja ya kampuni. Mfano mzuri wa kona ni huu: "Watengeneza programu za simu waishio Dar es Salaam, waliowahi kuunganisha malipo ya simu, kwa kampuni changa ambazo tayari zina wateja."

Kwa nini malipo ya simu? Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ni programu chache za biashara hapa kwetu zinazoweza kuishi bila malipo hayo. Mtu aliyewahi kuyaunganisha anajua la kufanya pale ujumbe wa uthibitisho unapochelewa, mteja ameshakatwa fedha, na mfumo unamwambia hajalipa. Ujuzi huo una thamani, unapimika, na mwenye kampuni anauelewa bila kuelezwa mara mbili. Tafuta kona yenye sifa hizo tatu.

2. Anza na upande ulio adimu

Kila mwenye jukwaa hukutana na swali la kuku na yai: bila kazi wataalamu hawaji, bila wataalamu wenye kazi hawaji. Anza na ulio adimu zaidi.

Kwetu, wanaoanza fani ni wengi. Vyuo vikuu vinawatoa kila mwaka, na shule za muda mfupi kama Moringa School ya Nairobi, iliyoanza 2014, zinaongeza. Walio adimu ni wawili: mtaalamu mwenye miaka minne au mitano ya kazi halisi, na mwanzilishi mwenye fedha ya kumlipa. Andela ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Ilianza Lagos mwaka 2014 kwa kuchukua vijana wenye vipaji, kuwafundisha na kuwaunganisha na kampuni za nje, kisha ikaingia Nairobi na Kampala. Mwezi Septemba 2019 ikatangaza kuwaachisha kazi takriban vijana 400 wa ngazi ya chini katika nchi hizo, kwa kuwa wateja walikuwa wakitaka wahandisi wazoefu. Vipaji havikuwa na kasoro. Foleni ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko mlango.

Hao wazoefu utawapataje? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: aliye bora ana kazi tayari, hajazi fomu za mtandaoni. Mfuate kwa kupitia wenzake. Kila mtaalamu mzuri unayemfahamu muulize hivi: "Ni nani uliyewahi kufanya naye kazi, ambaye ukipewa nafasi kesho utamchukua tena?" Jina likitajwa na watu watatu wasiojuana, liandike juu kabisa.

Kwa upande wa waanzilishi, usimpokee kila mwenye wazo. Muulize mambo matatu. Una fedha ya kulipa mishahara ya miezi mingapi? Nani anaidhinisha malipo, na yanatoka tarehe ngapi? Mpaka leo kuna nini kinachofanya kazi, hata kama ni daftari na kundi la WhatsApp? Anayejibu yote bila kuzunguka ni mteja. Anayesema "tutalipana tukishapata mwekezaji" hatafuti mfanyakazi, anatafuta mwenza. Kutafuta mwenza ni safari nyingine yenye masharti mengine, na ukiichanganya na ajira utagombana na pande zote. Mwambie hivyo kwa upole.

Na vijana wanaoanza? Usiwafungie mlango, wafungulie wao: kazi fupi za wiki mbili au tatu, chini ya mzoefu anayelipwa kuwasimamia. Waeleze pia ukweli kuhusu foleni. Kijana anayejua kwamba atasubiri miezi mitano atapanga maisha yake. Usipomwambia, kila siku ya kusubiri ataihesabu kuwa ni uongo wako.

3. Miezi miwili ya daftari na simu

AngelList, inayofahamika leo kama moja ya njia kuu za kampuni changa za Marekani kupata fedha, ilianzishwa 2010 na Babak Nivi na Naval Ravikant ikiwa ni orodha ya wawekezaji waliokuwa wakitumiwa barua pepe kuhusu kampuni mpya. Sehemu ya ajira, ambayo sasa inaitwa Wellfound, iliongezwa baadaye. Orodha ilitangulia, mitambo ikafuata.

Nawe anza hivyo. Fungua lahajedwali lenye kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni wa kampuni: inafanya nini, inamtaka nani, inalipa kiasi gani, kazi inaanza lini, nani mwenye neno la mwisho. Wa pili ni wa wataalamu: ujuzi, kazi mbili zinazoonekana kwa macho, malipo anayoyataka, muda alionao, na watu wawili wa kuwauliza habari zake. Wa tatu ni wa utambulisho: tarehe, umemkutanisha nani na nani, nani alijibu na baada ya siku ngapi, iliishaje, na kwa nini.

Ukurasa wa tatu ndio mali yako, na wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Ukiwa na safu 30 hapo utaanza kuona mambo ambayo hukuyatarajia: kwamba waanzilishi huchelewa kujibu kuliko wataalamu, kwamba usaili wa tatu huua kazi nyingi, kwamba kazi za siku tano ofisini hukataliwa na wenye watoto wadogo. Hayo ndiyo yatakayokwambia baadaye programu yako ifanye nini.

Sasa tuje kwenye utambulisho wenyewe, maana hapo ndipo ushenga unapoonekana. Usimpe mtu namba ya mwenzake kabla ya kumuuliza mwenye namba. Ujumbe kwa mtaalamu unaweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Kuna kampuni ya watu wanne hapa Mikocheni, inasambaza vipuri vya bodaboda kwa mafundi. Wanatafuta mtu wa kuwajengea mfumo wa oda. Kazi ya miezi minne, shilingi 2,000,000 kwa mwezi, siku mbili ofisini na tatu nyumbani. Nimemweleza mwanzilishi aina ya kazi ulizofanya, amevutiwa. Jina lako sijampa. Ungependa niwakutanishe? Ukisema hapana, sitakuuliza sababu."

Usome tena. Malipo yamo, kwa hiyo hapotezi muda. Mahali na siku za ofisini zimo, kwa hiyo anaweza kupiga hesabu ya nauli na ya mtoto. "Jina lako sijampa" ni kwa sababu huenda ana kazi sasa hivi, na mji huu ni mdogo. Habari kwamba anatafuta ikimfikia bosi wake, umemharibia. Na sentensi ya mwisho inampa nafasi ya kukataa bila kujieleza. Huo ndio usalama alioutaja Roth.

Kwa mwanzilishi, peleka majina matatu, yasizidi. Nilipoanza kazi hii niliwahi kumpelekea mtu mmoja majina kumi na manne kwa mpigo, nikidhani namfurahisha. Alinyamaza wiki mbili. Siku aliponipigia alikuwa ameshamwajiri binamu yake.

4. Tangazo la kazi liseme ukweli

Matangazo mengi utakayopokea yatafanana na hili:

"Tunatafuta developa mkali, anayejituma, anayeweza kufanya kazi chini ya presha. Ajue Java, Python, PHP, Flutter, akili unde na kutengeneza nembo. Mshahara mnono kulingana na uzoefu."

Mzoefu akilisoma anaona mambo matatu. Mwandishi hajui anachokitaka, ndiyo maana ametaja kila alichowahi kukisikia. Presha ipo tayari, na atatwishwa yeye. Na mshahara haupo, maana "mnono" si tarakimu. Anapita.

Kaa na mwanzilishi nusu saa, umuulize tatizo lake badala ya mtu anayemtaka. Mtatoka na kitu kama hiki:

"Kampuni ya watu watano, Mwanza. Tuna programu ya Android inayotumiwa na maduka ya dawa za mifugo. Mtandao ukikatika, haiuzi. Tunataka mtu aiwezeshe kuhifadhi mauzo kwenye simu na kuyatuma mtandao ukirudi. Imeandikwa kwa Kotlin. Miezi mitatu, inaweza kuendelea. Shilingi 1,800,000 hadi 2,300,000 kwa mwezi, zinalipwa tarehe 28. Utafanya kazi na mwanzilishi mwenyewe, ambaye haandiki programu. Usaili ni mazungumzo mawili na zoezi moja la saa mbili."

Tangazo hili litaleta waombaji wachache, na ndivyo unavyotaka. Kila anayejibu anajua anaingia wapi.

Weka sheria isiyo na mjadala: bila tarakimu ya malipo, tangazo halipandi. Hata AngelList iliwavutia wataalamu kwa kuonyesha mshahara na hisa kabla mtu hajaomba kazi. Waanzilishi watakwambia wanapenda kujadiliana. Wajibu kwamba kati ya 1,800,000 na 2,300,000 pana nafasi ya kutosha ya kujadiliana.

5. Pima pande zote mbili

Kumpima mtaalamu hakuhitaji mitihani ya mtandaoni. Fungua kazi aliyoijenga kwenye simu ya bei nafuu, tena ukiwa na bando dogo, uone kama inafunguka. Mpigie mmoja wa watu wawili aliowataja. Kisha zungumza naye dakika 40, umwombe akueleze uamuzi mmoja alioufanya kwenye kazi hiyo: alichagua nini, aliacha nini, na leo angebadilisha nini. Kama wewe mwenyewe si mtu wa fani, mlipe mzoefu mmoja akusaidie sehemu hii. Huhitaji kuelewa kila neno kutambua kwamba mtu anajua alichofanya.

Zoezi la majaribio lisizidi saa mbili, na lisiwe kazi ambayo kampuni itaitumia. Ikitumika, ilipwe. Wapo watu waliojengewa mfumo mzima kwa vipande vya "majaribio" kutoka kwa waombaji kumi, na wataalamu wanawajua. Ukipitisha tangazo la mmoja wao, jina linaloharibika ni lako.

Mwanzilishi naye apimwe, na hapa ndipo majukwaa mengi hufumba macho kwa sababu yeye ndiye mwenye fedha. Hakikisha kampuni imesajiliwa. Kwa Tanzania utaangalia BRELA, kwa Kenya utapitia eCitizen. Kisha tafuta mtu mmoja aliyewahi kumfanyia kazi na umuulize swali moja tu: "Alikulipa kwa tarehe mliyokubaliana?" Ukisikia mtu anavuta pumzi kabla ya kujibu, jibu umeshalipata.

6. Nani alipe, na lini

Mtaalamu asilipe chochote: si ada ya kujiandikisha, si ya kuhakikiwa, si ya kupandishwa juu kwenye orodha. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unaweka kanuni hiyo, na hata bila mkataba, biashara inaitaka. Siku utakayomtoza mtafuta kazi utaanza kupata faida kutokana na watu wasiopata kazi.

Alipe mwenye kampuni. Mawakala wa kawaida wa ajira mara nyingi hutoza asilimia 15 hadi 25 ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Kampuni changa haiwezi kuzitoa kwa mkupuo, kwa hiyo punguza na ugawanye. Tuseme mshahara ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi, yaani 18,000,000 kwa mwaka. Asilimia 10 ni 1,800,000. Chukua 600,000 mkataba ukisainiwa, 600,000 baada ya miezi mitatu, na 600,000 baada ya miezi sita. Mtu akiondoka kabla ya miezi mitatu, tafuta mwingine bila malipo mapya au usamehe kilichobaki. Kwa mpango huu theluthi mbili ya kipato chako inategemea kama watu uliowakutanisha wanaelewana. Utajikuta unapiga simu kuwajulia hali bila kukumbushwa.

Kwa kazi za muda, ongeza asilimia yako juu ya malipo ya mtaalamu na uionyeshe wazi kwenye ankara. Cha juu cha siri kinajulikana siku ya kwanza mtaalamu na mwanzilishi watakapokunywa chai pamoja. Ada ya kila mwezi iache kwa sasa, kwa kuwa kampuni ya watu watano haiajiri kila mwezi.

Usishike fedha za watu. Wazo la kupokea malipo yote, kuyahifadhi na kuyaachia kazi ikiisha ni zuri, lakini biashara ya kuhifadhi na kupitisha malipo ya wengine iko chini ya sheria za mifumo ya malipo, ya mwaka 2015 kwa Tanzania na 2011 kwa Kenya, na inataka leseni ya benki kuu. Tumia kampuni yenye leseni, au andika mkataba wenye awamu: asilimia 30 kabla ya kuanza, 40 katikati, 30 mwishoni.

Halafu utarukwa. Watu uliowakutanisha watamalizana pembeni, kama wapangaji wanavyomruka dalali. Usipigane nao kwa kuficha namba za simu, utawachosha waaminifu na wajanja watapita. Fanya kazi ambayo watu wawili peke yao hawaiwezi: mkataba uliokwisha andaliwa, usuluhishi wakitofautiana, mbadala mtu akiondoka. Wachache watakuruka hata hivyo. Iandike hasara hiyo kwenye daftari na uendelee.

7. Makaratasi ambayo hutakiwi kuyakwepa

Sajili kampuni na upate namba ya mlipakodi. Kisha, kabla ya kupokea kamisheni ya kwanza, kaa na mwanasheria umuulize kama huduma yako ni uwakala wa ajira. Tanzania ina sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, na kanuni zake za 2014 zinamtaka wakala binafsi awe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Kenya mawakala husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mashauriano ya saa moja ni nafuu kuliko faini.

Lahajedwali lako pia limejaa siri za watu: mishahara, namba za simu, maoni ya mabosi wa zamani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na tume yake inayosajili wakusanyaji wa taarifa. Omba ridhaa kwa maandishi, kusanya unachokihitaji tu, na mtu akitaka afutwe, mfute.

Andaa mikataba miwili mifupi, wa ajira na wa kazi ya muda, kwa lugha ambayo pande zote zinaisoma. Usisahau haya:

Umiliki. Andika wazi kwamba msimbo ni mali ya kampuni baada ya malipo ya mwisho. Akaunti ya Google Play, seva na anwani ya tovuti zifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni tangu siku ya kwanza. Ugomvi mwingi huanza pale mtu anapoondoka na programu imesajiliwa kwa barua pepe yake binafsi.

Kodi. Mtaalamu anayelipwa kwa huduma hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, Tanzania na Kenya pia, akiwa mkazi. Aliyekubaliana 2,000,000 akaona 1,900,000 zimeingia atadhani ameibiwa, kama hakuambiwa mapema.

Hisa. Mwanzilishi akiahidi hisa, utaratibu wa kawaida ni zikomae kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza uwe wa kungoja. Fafanua kwa tarakimu: ukipewa asilimia 2 ukaondoka mwezi wa kumi na moja, huna kitu, ukitimiza miezi 12, una asilimia 0.5, na baada ya hapo zinaongezeka kila mwezi. Mkumbushe mtaalamu kwamba hisa hazilipi kodi ya nyumba. Zisindikize mshahara, zisiuondoe.

8. Jenga kidogo, zindua kimya

Ukishakamilisha kazi kumi kwa mkono, rudi kwenye daftari uone ni nini kilichokula muda wako zaidi. Kijenge hicho tu. Kwa wengi huwa ni kukusanya taarifa za wataalamu na kukumbushia waliochelewa kujibu. Kuchagua nani akutane na nani, endelea kufanya mwenyewe kwa muda mrefu uwezavyo. Kurasa ziwe nyepesi, mtu aingie kwa namba ya simu, na maelezo yawe ya Kiswahili kinachoeleweka.

Siku ya kuzindua, hakikisha ndani kuna kazi halisi zisizopungua 15 na wataalamu waliopimwa wasiopungua 50. Mgeni akikuta duka tupu harudi. Mgeni rasmi, mabango na fulana si lazima. Azima ukumbi jioni moja, waite waanzilishi watano, kila mmoja apewe dakika tano aseme tatizo lake, fedha aliyonayo na mtu anayemtaka, kisha watu wale sambusa na kuzungumza. Kutoka hapo tuma ujumbe mmoja kila Ijumaa wenye kazi tano, si hamsini. Watu watauzoea na kuusubiri.

9. Hesabu zinazosema kweli

Idadi ya waliojiandikisha ni ya kuwaonyesha jamaa. Wewe fuatilia nne: siku ngapi zinapita kati ya tangazo na utambulisho wa kwanza unaofaa; kati ya tambulisho kumi, ngapi zinaishia kazini; baada ya siku 90, wangapi bado wapo na wamelipwa kwa tarehe; na waanzilishi wangapi wamerudi kukuagiza mtu wa pili. Hesabu ya tatu ikiwa mbaya, simamisha matangazo yote mpaka ujue kwa nini. Kuleta watu wapya kwenye nyumba inayovuja ni kuwaongeza mashahidi.

Basi wiki hii usinunue jina la tovuti. Wapigie waanzilishi watatu na wataalamu sita, uwaulize maswali yaliyomo humu, na uandike majibu. Wakutanishe wawili. Baada ya mwezi wajulie hali. Ukishasimamia kazi kumi zilizoisha bila lawama, ndipo umtafute mtaalamu wa kukujengea jukwaa lenyewe. Siku hiyo wewe ndiye utakuwa mwanzilishi, kwa hiyo mwandikie tangazo lenye tarakimu, saini naye mkataba, na umlipe tarehe mliyokubaliana.